Jumamosi Iliyohamia Novemba

Jumatatu, tarehe 6 Julai

Viti vimerudi kutoka arusi ya juzi vikinuka bia. Tumeviosha uani, mimi na Kabura, dereva. Turubai moja limechanika pembeni. Nimelishona.

Shemeji Déo ameingia dukani amenuna. Ni mume wa dada yangu Odette, lakini dukani ni bosi tu. Analalamika kwamba mahema na viti vyake vinazunguka mji mzima, ila taarifa za nani amekodi nini na lini zimo kwenye jedwali, na jedwali limo ndani ya kompyuta ya hapa Bwiza. Akiwa njiani lazima anipigie. Akinikosa anakisia.

Nikamwambia naweza kuhamisha yote kwenye ajenda ya simu, ile kalenda yake. Simu yake, yangu na ya Kabura. Kila kazi ikae kwenye siku yake, na kengele ilie siku moja kabla. Akauliza nitamaliza lini kuandika yote hayo. Nikasema siandiki hata moja. Natengeneza skripti, maagizo machache ambayo kompyuta yenyewe inayafuata, inasoma jedwali mstari kwa mstari na kuupeleka kwenye ajenda.

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nimependa jinsi alivyonitazama.

Jumanne, tarehe 7

Skripti imenigomea asubuhi yote. Kosa la mkato, kisha jina la safu. Baada ya chakula imepita. Jedwali zima likamwagika kwenye ajenda kama mchele kwenye ungo.

Nikakagua. Arusi ya tarehe 18, ipo. Ubatizo wa tarehe 25, upo. Basi. Nimefunga jedwali.

Shemeji amewaonyesha majirani simu yake. "Ni Furaha huyu amefanya." Nimejidai sana leo. Hata Odette ameona.

Jumatano, tarehe 8

Mama Divine wa Kanyosha amepiga. Mjane. Anaondoa matanga ya mumewe. Mwaka umetimia, na wakwe zake wanakuja kutoka Kinanira na kutoka milimani. Aliagiza mahema na viti tangu mwezi wa tano. Anataka tu kuhakikisha hatujasahau siku yake.

Nilikuwa na mteja mbele yangu. Sikumuuliza tarehe, sikufungua chochote. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Mama. Siku hizi simu yenyewe inatukumbusha."

Akanibariki.

Alhamisi, tarehe 9

Baba mmoja wa barabara ya pili ana dote, sherehe ya mahari ya binti yake, Jumamosi. Wakwe wameharakisha mambo. Anataka mahema yote na viti vyote. Nimefungua ajenda mbele ya macho yake. Jumamosi nyeupe kabisa. Nimekubali papo hapo. Ameshangaa kwamba sikuhitaji hata kufikiri.

Jumamosi, tarehe 11

Sijui nianzie wapi.

Saa nane mchana nilikuwa kwenye dote, nimesimama nyuma ya hema, watu wanacheka, mahari yanapokelewa. Simu ikalia. Mama Divine. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea mbele ya wageni. "Furaha, muko wapi? Watu wanafika."

Nikafungua ajenda. Hayumo. Nikakimbia dukani, nikafungua jedwali. Yumo. 11/07. Nikatafuta jina lake kwenye ajenda, nikamkuta mwezi wa kumi na moja, tarehe 7. Skripti yangu ilikuwa inasoma mwezi kwanza, halafu siku. Tarehe 18 na 25 zilinusurika kwa sababu hakuna mwezi wa 18 wala wa 25. Hizo ndizo nilizokagua. Na tarehe 7 Novemba nayo ni Jumamosi, kwa hiyo hata mtu angepita hapo asingeshtuka.

Viti vyetu vyote vilikuwa na watu juu yake. Huwezi kumvuta mgeni kiti chini yake. Nikampigia Shemeji, naye akapiga simu kwa wote wanaokodisha. Jumamosi ya kiangazi. Hakuna aliyebaki na kitu. Kabura ndiye aliyepata mabenchi kanisani Kanyosha, nikapanda naye kwenye kamioneti.

Tumefika wamechelewa kuanza na wamechoka kusubiri. Wazee wa upande wa mume wamesimama juani. Bibi mmoja amekaa juu ya jerikani. Wengine wamekaa juu ya matofali, na kanga zao za sherehe. Majirani walikuwa wanapitisha viti vya nyumbani juu ya ua, kimoja kimoja.

Mzee Sylvestre, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshaanza kuongea. Akasema mbele ya wote: "Nyumba inayoshindwa kukalisha watu siku kama ya leo, ilimupenda ndugu yetu kweli?"

Mama Divine aliangalia chini. Mke hawajibu wazee wa mumewe mbele ya watu.

Nilikuwa nimeshika benchi upande mmoja, Kabura upande wa pili. Ningeweza kusema. Sentensi moja tu. Nimeweka benchi chini nikaenda kusimama nyuma ya gari.

Halafu jambo baya kuliko hilo. Shemeji akapiga kuuliza imekuwaje. Kabura alikuwa anashusha mabenchi, hasikii. Nikasema labda simu ya Kabura ndiyo iliyofuta siku hiyo kwenye ajenda yetu sote, ndiyo maana kengele haikulia.

Nimeandika. Ndivyo nilivyosema.

Jumapili, tarehe 12

Shemeji amemnyang'anya Kabura funguo za gari. Kabura hakubisha. Anaamini kweli ni simu yake. Amenijia uani, amenipa ile simu kwa mikono miwili, ameniomba nitazame ina ugonjwa gani.

Nimeichukua. Nimejifanya natazama.

Sikwenda misa.

Jumatatu, tarehe 13

Nimesema. Mezani, mbele ya Odette na Shemeji. Nimesema kosa ni la skripti, na skripti ni yangu. Mama Divine alipiga mwenyewe Jumatano nami nikamjibu kwa maringo. Simu ya Kabura haikufuta kitu; siku hiyo haikuwahi kuwemo kwenye ajenda ya Julai.

Odette ameacha kula. Shemeji hakugomba. Afadhali angegomba. Ameuliza tu, "Na Kabura?" Akainuka na chakula mdomoni, akaenda kumtafuta kwao.

Aliporudi alisema Kanyosha nitakwenda mwenyewe, yeye hanisindikizi.

Jumanne, tarehe 14

Nimekwenda. Mama Divine alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Hakunikatalia kuingia. Nimemweleza yote, nikamwonyesha Novemba kwenye simu. Nilikuwa naeleza mno. Siku na mwezi, mwezi na siku. Alitazama kidogo tu, akarudi kwenye maharagwe yake.

Akaniambia tangu mazishi wakwe zake wanasema hakumtunza ndugu yao katika ugonjwa. Mwaka mzima aliingojea siku hiyo waje, wakae chini ya hema, wale, waone. Ndiyo maana alipiga simu. Hakuwa ananisumbua bure.

Nimemwomba msamaha. Akasema: "Unakuja kuniambia mi? Mi nilijua kama niliwaita nyinyi wa viti. Wao ndio hawajui."

Nimeshuka hadi barabarani nikilia kama mtoto. Machozi ya kujionea huruma. Hata hayo yamenitia aibu.

Jumatano, tarehe 15

Nimepanda Kinanira hadi kwenye lango la Mzee Sylvestre. Nimesikia watu wanacheka ndani. Nimerudi.

Mwoga. Hakuna neno lingine.

Alhamisi, tarehe 16

Leo nimegonga.

Mzee amenipokea barazani. Mkewe ameleta maji ya kunywa akabaki amesimama. Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya ajenda na jedwali. Mzee amenikatiza mapema. Hakutaka kujua habari za kompyuta. Aliuliza kitu kimoja.

"Alikuwa amewaita nyinyi wa viti?"

"Ndiyo, Mzee. Tangu mwezi wa tano. Na wiki ile ile alipiga tena. Kosa ni langu peke yangu."

Amesugua goti lake. Mkewe akaingia ndani.

"Yale maneno niliyasema mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na we ulikuwa pale."

"Nilikuwa."

"Ukanyamaza."

Nilitazama sakafu. Nilitegemea atanifukuza, au atanisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliniambia nimalize maji yangu kwa sababu jua ni kali na njia ni ndefu. Nikayamaliza.

Ijumaa, tarehe 17

Nimefuta kila kitu nilichohamisha. Nimerekebisha skripti isome siku kwanza, nimeirudisha kazini, kisha nimekaa na Kabura tukilinganisha jedwali na ajenda, mstari baada ya mstari. Yeye anasoma, mimi natafuta. Agosti ilikuwa imeharibika vibaya. Arusi moja ilikuwa imeangukia Januari iliyopita, kana kwamba watu hao wameshaoana na kuzaa.

Jambo hilo lingetuchekesha wiki iliyopita. Kabura alisoma tu.

Nilimwomba msamaha tulipofika Septemba. Alisema amesikia. Akasoma mstari uliofuata.

Mchana nimewapigia wateja wote. Nimewauliza tarehe zao kwa vinywa vyao.

Jumapili, tarehe 19

Nimekwenda misa ya asubuhi. Nimekaa nyuma.

Baada ya chakula Mama Divine amepiga. Nilitoka nje kupokea. Alisema Mzee Sylvestre amefika kwake na mkewe na wazee wawili wa ukoo. Mzee hakutaka kuongelea ndani. Aliomba majirani waitwe, akasimama uani palepale, akasema alimsema vibaya mke wa ndugu yake, na kwamba huyu mama alifanya yote aliyopaswa kufanya. Kisha wakanywa urwarwa, pombe ya ndizi, pamoja. Mmoja wa wale wazee alilia, akamtaja marehemu kwa jina lake la utotoni.

Nikamuuliza kama amefurahi.

"Nimepumuzika," akasema.

Nilitaka kumshukuru, sijui kwa nini. Akanitangulia. Alisema mwaka kesho mwanawe Divine anapata komunyo ya kwanza, na watu watakuwa wengi. "Lakini viti nitatafuta kwa wengine, Furaha. Usinikasirikie."

Nikamwambia ana haki.

Jioni Odette amepika bugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Kabura amepita kuchukua funguo za gari kwa ajili ya safari ya kesho. Dada amemkaribisha mezani, yeye amesema apana, watoto wanamngoja. Amenipa mkono kabla ya kutoka. Mara moja tu, akauachia.

Nimeosha vyombo.