Siku Radi ya Masisi Walipiga Tena Keshero

Mama Bauma, dada yangu mudogo,

Mungu akukute umesimama, na ile goti yako iache mambo yake ya kuuma. Muhogo iliota? Mbuzi yako angali anakula nguo za majirani wa Rutshuru? Mimi niko muzima. Meno ilibakia tatu, lakini ya kutosha kuuma mutu.

Sasa sikia. Wote wanaokuelezea ile mambo ya Keshero, hapa Goma, wanaieleza mubaya. Ule mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba watu, alikuambia mutoto yako Bahati alikufa: hakukuwa pale. Ule mama wa sambaza alisema askari walipiga masasi mu watu: yeye alikuwa ku soko ya Kituku anauza samaki, alisikia kelele tu. Mimi njo nilikuwa pale, mbele kabisa, kichwa karibu iingie ndani ya bafle, zile sanduku za sauti. Na nani alibeba zile bafle? Chukudu yangu, ile pikipiki ya mbao ya kusukuma. Bila mimi hakuna muziki Goma.

Unajua namna Bahati alipiga ngoma mu orchestre Radi ya Masisi, mbele ya vita. Vita ikawasambaza kama kuku. Safari wa gitare alikimbilia Uganda, muimbaji akashika njia ya Bukavu, na Bahati wakamukamata wale watu wa pori, wakamubebesha masasi yao myaka na myaka. Basi wote wakarudi, wakasema: tupige tena, ku terrain ya parwasi, kiwanja ya kanisa, muchana. Watu walijaa mupaka juu ya mawe ya volkano. Wakimbizi wa makambi, wamama na watoto ku mugongo, wote.

Safari akachapa gitare, weee! Ile haikuwa muziki, ilikuwa bombe. Bahati akapiga ngoma kama mutu anaua nyoka. Papa mumoja pembeni yangu akalia: "Muzee, masikio yangu itatoka damu!" Nikamuambia: "Papa, funga mudomo. Ndani ya kichwa yako hakukuwa kitu ya kuharibika."

Na unajua desturi yetu: muziki ikikushika, unapanda mbele, unamubandika mupigaji noti ku paji ya uso, unashuka. Hakuna mutu anakukataza. Kijana mumoja akapanda, koti murefu, noti ku mukono ya kushoto. Tukamupigia makofi. Hata mimi. Bahati akainamisha kichwa vizuri apokee, anacheka. Kijana akabandika noti yake. Kisha mukono ya kuume ikatoka mu koti na panga.

"Ulikuja na wale walichoma kwetu!" akapiga kelele. "Nilikuona! Ndugu yangu alikufa, na wewe ulikuwa unawabebea masanduku!"

Panga ikashuka. Bahati akainua mukono. Vidole mbili ikaangukia juu ya ngoma, na ngoma ikalia, dada, ikalia peke yake. Panga ikarudi, ikamupasua bega. Mimi nikaruka. Usicheke, niliruka! Nikashika kile chuma cha kusimamisha micro, nikamuchapa kijana ku shingo, akaanguka. Safari akamufunga na kamba ya gitare.

Kisha watu wakapanda. Na mawe haikosekani Goma. Walimuponda mupaka sura ikawa nyama. "Leteni petroli!" wanalia. "Petroli!" Wakamuburuta upande ya ziwa, na kule njo alikufa. Ziwa ikamumeza. Imeisha.

Bahati iko ku hospitali. Bega wameishona, muganga anasema ataishi. Yeye anasema vidole nane inatosha, ile mbili ilikuwa mivivu.

Kwa hiyo, mambo ya Bauma. Ule wa pikipiki aliniambia Bauma, mukubwa ya Bahati, ananoa panga, anatafuta njia ya kushuka huku. Muambie aiweke chini. Atakata nani? Maji? Umusomee hii barua kwa nguvu, yeye na marafiki yake wote. Muambie ni muyomba wake amesema, na muyomba hapitwi neno.

Salimia muke wa Bauma na ile mimba yake; mutoto akizaliwa bila meno, atakuwa amenifuata mimi. Salimia mama mukwe wako, hata kama hanipendi. Salimia muzee katekista aliyekufundisha kusoma mbele yangu, mimi nikikimbia kuchunga ngombe.

Ni mimi kaka yako mukubwa, kijana kuliko vijana wote wa Kituku.

Dada, hapa chini usisome kwa sauti. Wewe pekee. Yote niliandika ni kweli, hata ile ya kuruka. Kitu moja tu niliitunga, kifo ya ule kijana: hakufa. Petroli ilikuwa imefika pale pale ku terrain. Bahati alitambaa, akamulalia juu, damu inamwangika, akasema: "Mukimuchoma, mutuchome wawili." Watu wakasimama, wakatazamana, wakaanza kushuka.

Kijana iko ku chumba moja na Bahati, kule hospitali. Mama yake alifika kutoka Masisi. Anapika uji, anamulisha wake, kisha anakuja kumulisha wako.

Bauma asijue.