Mutwiri, Jana Nilirusha Droni Yako

Mutwiri,

Jana jioni nilirusha droni yako. Najua nilisema pale kaburini, mbele ya watu wote, kwamba sitaigusa tena. Miezi minne mkoba wake umekaa juu ya kabati pale studio yetu mjini, na mimi nimekuwa nikipiga picha za harusi za chini tu, za kusimama na kukaa. Wateja wakiulizia picha za angani nawaambia mwenyewe hayupo.

Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu inamhusu Mama yako.

Hujui jinsi amebadilika. Ulipolazwa alikuwa anasahau funguo na majina ya majirani. Sasa amesahau kwamba tulikuzika. Kila jioni anamuuliza ndugu yako Kirimi, "Mutwiri amefika?" naye anamjibu, "Yuko njiani, Mama." Anasema ni afadhali hivyo kuliko kumwona akilia upya kila siku. Nilikuwa hata sifiki huko kwenu, nikiogopa kuulizwa.

Jana, saa kumi na moja na nusu, Kirimi akanipigia simu. Hakusalimu.

"Kawira, Mama hayupo. Tumetafuta shamba lote la kahawa mpaka kwa majirani. Kuja na ile ndege ya Mutwiri."

Nilipanda bodaboda hadi kwenu Githongo nikiwa nimekumbatia mkoba wako kifuani. Njiani nikaangalia betri. Moja ilikuwa imevimba kama mkate, ya pili ilikuwa na asilimia hamsini na nane. Kosa ni langu. Ulinionya nisizisahau, nami nikazisahau makusudi.

Unajua jua la kwenu, linavyopotea nyuma ya mlima mapema na kuwaacha na mwanga ule wa kijivu. Jana hata huo ulikuwa haba, kwa sababu wingu lilikuwa limekaa juu ya msitu na huko mvua ilikuwa imeshaanza. Uani nilikuta watu kama kumi na tochi zao, wakibishana. Mtu alikuwa amemwona mama mzee akielekea barabara kuu, kwa hiyo wengi walitaka kwenda juu. Kirimi alikuwa amekauka midomo.

"Nipeni dakika kumi," nikasema. "Nianze na mto."

Sijui kwa nini nilisema mto. Labda kwa sababu mvua ya mlimani hufika mtoni kabla haijafika kwetu.

Ile droni ikapanda, nikaipitisha juu ya miti ya migrevilea kwa mbali kabisa, maana gizani haioni matawi. Kwenye skrini bonde lilikuwa jeusi tu. Nikaweka lenzi ikae wazi sekunde nzima ili ikusanye mwanga, nikabonyeza. Picha ikatoka mistari mitupu. Upepo ulikuwa unaisukuma. Nikabonyeza tena, mistari. Hapo nikakusikia, kabisa, kama ulivyokuwa ukisimama nyuma yangu: "Hesabu hadi tano kwanza. Iache itulie. Na wewe pia utulie."

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikapiga. Nikasogea kidogo kufuata mto, nikahesabu, nikapiga. Nilishuka nao hadi kwenye kivuko cha mawe, nikageuka, nikarudi juu ya njia ile ile nikipiga tena. Betri ikafika ishirini, kidhibiti kikaanza kulia. Kirimi akasema, "Inaanguka?" Nikaanza kuishusha. Ilitua kwenye majani ya napia, yale ya ng'ombe, ikiwa na asilimia tisa.

Nikafungua laptopu juu ya gunia la mbolea, watu wakanizunguka. Nikapandisha mwanga wa zile picha mbichi, ambazo hazijahaririwa, na bonde likajitokeza polepole, lakini limejaa chembechembe, kama mtu amelimwagia mchanga. Nami nikafanya kile ninachofanya siku zote. Nikazisafisha, nikafuta chembechembe zote. Bonde likawa laini kama mafuta. Hakukuwa na mtu. Mawe, maji, migomba, basi.

"Hakuna kitu huko," mmoja akasema. "Tunapoteza wakati. Twendeni barabarani." Wakaanza kuondoka. Kirimi mwenyewe akageuka.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya picha za harusi ya kule Kibirichia? Ulisema nazisafisha picha za jioni mpaka zinakuwa plastiki. Nikakwambia mteja hataki mchanga kwenye picha yake. Ulifunga laptopu yangu kwa hasira. "Kawira, usifute kitu ambacho hujajua ni nini." Hatukuongea siku mbili, na mimi moyoni nikasema huyu anajifanya msanii.

Nikarudisha mchanga wote.

Nikakuza picha ya kivukoni, kipande kwa kipande, macho yakinitoka machozi kwa kukodoa. Kando ya jiwe kubwa kulikuwa na doa jeupe, dogo kuliko punje ya mchele. Kilikuwa kitu gani? Mfuko wa plastiki, mbuzi, povu la maji. Nikafungua picha ya pili ya mahali pale pale, ile niliyopiga nikirudi. Doa lilikuwepo. Lakini sasa lilikuwa upande wa pili wa jiwe, karibu na maji.

Nikapiga kelele nadhani. "Kirimi! Hili doa linatembea! Leo Mama amefunga kitambaa gani?"

"Kile cheupe cha kanisa."

Hatukufuata njia. Tulikata katikati ya kahawa, matawi yakituchapa, Kirimi mbele akiita, "Mama! Mama!" Mto ulikuwa unasikika kabla hatujauona, na haukuwa na sauti yake ya kawaida.

Alikuwa amesimama juu ya jiwe la tatu la kivuko, maji yakimpita kwenye vifundo vya miguu, viatu vyake mkononi. Hakuogopa. Alitutazama kama watu waliochelewa kazini.

"Mwambieni Mutwiri asipitie hapa leo," akasema. "Maji yamepanda."

Ndiyo sababu alishuka, ndugu yangu. Alisikia mvua ya mlimani akakukumbuka. Alikuja kukuzuia usivuke.

Kirimi akaingia majini na kumbeba mgongoni kama mtoto. Mama akawa ananiangalia mimi juu ya bega lake. Akauliza, "Umemwona?"

Kirimi akanitupia jicho. Nilijua alitaka niseme uko njiani. Sikuweza. Nikamwambia, "Sijamwona, Mama. Lakini hatavukia hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akalaza shavu kwenye mgongo wa Kirimi. Hakuuliza tena mpaka nyumbani. Leo asubuhi nilienda kuangalia kivuko. Mawe yote yamefunikwa na maji.

Kuna mambo mengine. Betri mpya nimeagiza. Kirimi anatengeneza geti. Mama ana kikohozi kidogo, lakini amekunywa uji na akanigombeza kwa kukonda. Ile picha yenye doa nimeihifadhi bila kuigusa. Siwezi kumwonyesha mteja yeyote. Ni mbaya sana, Mutwiri. Ungeipenda.

Niliona aibu kukwambia hili ukiwa hai, kwa hiyo nakuandikia: kwenye ule ugomvi wewe ndiye uliyekuwa sawa. Pole kwa zile siku mbili. Ningejua siku zilizobaki zilikuwa chache hivyo…

Basi pumzika. Kila Jumapili nitapanda Githongo kukaa na Mama. Nimeshaongea na Kirimi, tumekubaliana hatumdanganyi tena. Akiniuliza kama umefika nitamshika mikono nimwambie ulienda wapi, na akilia nitalia naye. Na akisahau akauliza tena, nitaanza upya, taratibu, kama vile hajawahi kuniuliza.

Mimi wako,
Kawira