Mafuta Niliyopaka Sakafu ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanao? Ule mgongo wako umepoa au bado unakusumbua ukikaa sana? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nakuandikia uso wangu ukiwa chini. Mara mbili umetaka kuja na familia yako, mara mbili nimekuzuia. Kwanza nilisema tunapaka rangi, kisha nikasema tuna wageni. Hapakuwa na rangi wala mgeni. Sasa Mama ananiambia ulimpigia simu ukamuuliza kama bado una kwenu. Swali hilo limeninyima raha, maana kosa lote ni langu.

Ni ile sakafu ya mbao. Ulipoondoka uliniachia maneno machache tu: niifute kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na kila baada ya miezi kadhaa niipake mafuta. Sikukuacha umalize. Nilisema mimi ni mtoto wa seremala, sifundishwi mbao. Basi mtoto wa seremala akaingia jikoni, akachukua mafuta ya kupikia, akapaka chumba kizima.

Siku mbili iling'aa, hata nikamwita jirani aje aone. Ya tatu ikaanza kunata. Ukipiga hatua, kandambili inabaki nyuma. Vumbi likaganda, sisimizi wakahamia na ukoo wao wote, chumba kikanuka mafuta yaliyochacha. Mama aliteleza mlangoni akakaa kitako. Hakuumia, ila alinitazama weee, kisha akasema, "Wewe Cherehani, ndiyo umeamua kukaanga sakafu ya mume wangu?"

Badala ya kuuliza wanaojua, nikamwaga ndoo tatu za maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ngumu. Maji yakapenya kwenye maungio. Mbao zikavimba, za mlangoni zikajikunja mpaka mlango ukagoma kufunga. Nikatandika zulia juu yake, nikakuandikia kwamba sakafu haijambo. Chini ya zulia ilikuwa inaoza.

Wiki hii nimejisalimisha kwa seremala aliyefanya kazi na Baba. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alinionyesha mafuta ya mbao yenyewe, yale yanayokauka: unapaka kidogo kwa kitambaa, unasubiri mbao ziyanywe, kisha unafuta yaliyobaki. Anasema sehemu kubwa itapona kwa msasa. Mbao tatu za mlangoni ilibidi azing'oe.

Kijiti, upande wa chini wa mbao hizo kuna mwandiko wa Baba, kwa ile penseli yake nene ya kazini. Kila ubao una namba, na pembeni ameandika: "Kijiti kashika." Zote tatu.

Unakumbuka siku ya msiba wake nilivyosimama mbele za watu nikasema sakafu hii tuliiweka Baba na mimi? Wewe ndiye uliyemaliza likizo yako yote ukiwa umepiga magoti humu. Mimi nilileta chai na maneno mengi. Ulinisikia, ukainamisha kichwa, hukunikatiza. Nilijua nasema uongo. Tangu hapo kila aliyeisifu sakafu, nilipokea sifa. Naona aibu, ndugu yangu, naona aibu hata kuikanyaga. Nisamehe.

Msalimie sana wifi, mwambie chumba cha mbele ni chake. Kitindamimba wenu mwambie shangazi yake amemruhusu kuteleza na soksi, akianguka alie kwa bibi yake. Mama anawasalimu nyote, anasema ukichelewa atakufuata mwenyewe. Mungu awalinde safarini, maana nataka muwe safarini.

Mbao tatu mpya zimeegemea ukutani. Seremala alikuja juzi na nyundo ili azipigilie, nikamkatalia. Pale mlangoni pamebaki shimo, na paendelee hivyo hivyo. Penseli ya Baba nimeipata kwenye sanduku lake la vifaa, nimeichonga. Njoo ushike, mimi nitaandika.

Dada yako akupendaye,
Cherehani