Sauti Iliyomwita Mhandisi Ramon

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Dubai hatujambo, na bibi yako keshapona mguu. Umeniuliza kwa nini Mhandisi Ramon, yule Mfilipino niliyefanya naye kazi, aliuacha uhandisi akagombea umeya kwao.

Mchana mmoja tulikuwa wawili tu ndani ya jengo lililokuwa halijakwisha kujengwa, mtaa wa Al Jaddaf. Sauti ya mwanamke ikamwita kutoka chini. Nami niliisikia.

"Mama!" akasema, akashuka mbio. Nikamfuata. Chini hapakuwa na mtu. Tulipotoka tu nje, sakafu tuliyoiacha ikaporomoka.

"Marehemu mama alikuwa mwalimu," akaniambia. "Alifukiwa na shule iliyojengwa ovyo. Khalas, yatosha, narudi nyumbani."

Alishinda uchaguzi. Kwanza akaifunga shule moja yenye nyufa; wazazi wakamtukana. Wiki ya pili ikaanguka, haina mtu ndani.

Babu yako anayekuombea.