Ukumbi Umefungwa, Milango Ipo

Tottenham, Jumamosi, Novemba 2006. Baridi na manyunyu, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Meneja wa jengo letu ameufunga ukumbi kwa kufuli. Tulipanga kukutana humo leo tuzungumzie hita, ambazo hazijawaka tangu baridi ianze. Anasema ukumbi unapakwa rangi. Mwongo. Nimechungulia dirishani, hata kopo la rangi halimo.

Huda, jirani yangu Mpalestina, akasema tukutane ngazini. Alizaliwa kambi ya wakimbizi, Lebanoni, na kila jambo hulipima kwa kambi ile. Vichochoro vya kule ni vyembamba, mtu akifiwa wote wanasikia kilio. Jeneza likitoka, kila mlango linaoupita unaongeza watu, na kufika makaburini mazishi yameshakuwa maandamano. Magari ya askari hayana pa kupita.

"Na nyinyi huko Kigoma mlikaa kimya tu, Um Neema?" akaniuliza. Ndivyo anavyoniita, kwa jina la mwanangu.

Iliniuma.

Nilifika Kigoma nikikimbia vita vya Kivu. Kambi yetu ilipimwa kwa kamba: safu zimenyooka, barabara pana, ukisimama getini unaona kila kibanda. Mgawo wa mahindi ulipopunguzwa, watu walijaribu kukusanyika. Gari la polisi lilifika kabla hawajamaliza kusalimiana.

"Usinifundishe kambi," nikamwambia. "Yenu mliijenga wenyewe. Yetu ilichorwa na watu waliotuogopa."

Tukaenda ngazini tumenuniana.

Watu walikuja, wengi kuliko nilivyotarajia. Hatujaanza, meneja akatokea na walinzi wake. "Ngazi ni njia ya kukimbia moto. Kila mtu arudi kwake!"

Watu wakatawanyika. Nilimchukia yule bwana. Nikawachukia na majirani kwa kutii upesi vile, kisha nikajikuta na mimi nimeshafika mlangoni kwangu, nimeshika kitasa.

Sikuufunga.

Nikavuta kiti cha jikoni, nikakiweka kizingitini, nikakaa. "Nimerudi kwangu," nikampigia kelele. "Haya niambie, hita zitawaka lini?"

Mlango wa jirani ukafunguliwa, baba mmoja Mghana akatoka na stuli. Kisha Huda, mkabala nami, amejifunika blanketi. Kisha wengine. Korido yetu ni nyembamba. Meneja, aliyetufuata hadi humo, alibaki katikati, kila akigeuka anakutana na swali.

"Huu ni mkutano usio na ruhusa!"

"Mkutano gani?" Huda akamuuliza. "Mimi nimekaa nyumbani kwangu."

Meneja akaondoka na walinzi wake. Ndipo tukazungumza, mlango hadi mlango, mpaka tukakubaliana la kufanya Jumatatu.

Usiniulize kama nimefurahi. Hita bado baridi, kufuli bado lipo, na Huda hajaniomba radhi, wala mimi sijamwomba.

Lakini ofisi ya yule bwana ni chumba kimoja, na mlango wake ni mmoja. Jumatatu tutaujaza.