Mjomba na Upande wa Bajia

Mama, shikamoo.

Kaka yako hajabadilika. Jana tulitoka Malindi kwenda Dabaso kuona mikoko. Njiani akaona bajia, akahamia upande wa kulia wa barabara na kuegesha akiyakabili magari yanayokuja, ili muuzaji amfikie dirishani asishuke. Askari wa trafiki akaja.

"Shikamoo, mzee. Hebu geuza gari."

Akageuza akinung'unika. Sasa muuzaji akawa kwenye dirisha langu, bajia nikazipokea mimi. Tukaondoka hivyo hivyo gari lilivyotazama, mjomba akidai nimekula ya mwisho. Ugomvi ulipoisha, tukajikuta Malindi tena.

Mikoko sijaiona. Mungu akuweke, mama yangu. Ile bajia ya mwisho ninayo, nakuletea wewe. Mjomba bado anaitafuta.

Mwanao, Rehema