Ukoo wa Samaki

Jumatatu, 3 Machi
Nimempangusa dubu pua. Biva nimemtoa utando wa buibui. Ni kama panya mkubwa wa majini mwenye mkia wa upawa, na Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa huku, wanampa hekima. Tai upendo. Dubu ushujaa. Kobe ukweli. Mbwa mwitu, eti, unyenyekevu. Miaka miwili nafuta vumbi mchoro huu kwenye ukumbi wa jamii, Malvern, mtaa wetu huku ughaibuni. Vibao vyote nimesoma, na vitabu vya maktaba pia. Aliyekuwa akiwaeleza wageni mchoro kila Jumamosi ameacha kazi. Naitaka.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia meneja, Karim. Mzaliwa wa Dar, Kiswahili chake cha Upanga hakijachuja. Amecheka kwa adabu. Nijaribu Jumamosi, ila mwenye neno la mwisho ni Bi Marlene, mwalimu Mwanishinaabe aliyesimamia mchoro. Yeye ni wa ukoo wa samaki.
Hapo nipo nyumbani. Sisi Wahaya kila ukoo una muziro, mnyama wake. Wetu pongo. Humli, humwindi. Nani atanifundisha hilo?

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Nilianza vizuri, kisha nikataka kuonyesha najua kupita vibao. Nikawaambia wageni kuwa mtu wa ukoo wa samaki hali samaki, ni mwiko mkubwa. Wakatazama nyuma yangu. Bi Marlene, mlangoni, na mkate mkononi. Samaki ndani. Akaendelea kutafuna.
Karim kanituma nikadeki choo. Hakikuwa kichafu.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimesema mafua. Uongo. Binti yangu Koku kaniambia, kwa Kiingereza chake, niachane nayo. Nimemjibu Kihaya. Hakuelewa, bahati yake.
Siachi. Wanyama sikuwakosea. Niliwakosea watu. Niliwavisha nguo za Bukoba bila kuwapima.

Jumanne, 11 Machi
Kitabu kimoja kinasema ukienda kumuuliza mkubwa wao jambo, unatanguliza tumbaku. Haya. Mimi, mwimba kwaya wa Kilutheri, nimepanga foleni kununua tumbaku. Nyuma yangu nani? Mke wa mchungaji. Nikamwamkia.
Mabasi mawili hadi kwa Bi Marlene. Nikaweka tumbaku mezani, nikaomba radhi, nikamwomba anieleze. Akaichukua.
"Jumamosi ulitusemea bila kuuliza," alisema. "Leo umeuliza."
Akaeleza. Wapo wasiomla mnyama wa ukoo wao, ila familia yake wanakula. Kwao ukoo kwanza unakwambia ndugu zako ni akina nani, usije ukaoa dada yako. Nikasema hata sisi. Akataka habari za pongo. Nilimpa zote, nikanywa chai yake mbaya vikombe viwili.
Atakuja Jumamosi. Hatanisaidia, kasema.

Jumamosi, 15 Machi
Wageni tisa. Nilisema ninachokijua na aliyenifundisha. Mzee mmoja akauliza kwa nini ukweli ni wa kobe. Jibu nilikuwa nalo, zuri, nimelitunga mwenyewe kwenye basi. Nikalimeza. Nikasema sijui, mwenyewe yupo, tumuulize.
Bi Marlene akasimama, akaeleza taratibu, akakaa.
"Endelea, mama," akaniambia.
Nikaendelea hadi mwisho wa ukuta.
Miguu imo kwenye beseni la maji moto. Koku anapika. Karim anatafuta mtu mwingine wa kudeki Jumamosi.